Sindano za Jumbe

Mume wangu, daktari aliyesomea Uganda, aliacha kazi ya serikali siku ya mwisho ya Machi 1955, siku ya Alhamisi. Ninaitaja siku hiyo kwa sababu wako watu hapa Lushoto wanaosema hadi leo kwamba alifukuzwa. Hakufukuzwa. Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuwa mwanachama wa chama cha siasa, naye alikuwa amekwisha kuamua kujiunga na chama. Kwa hiyo aliomba kwanza kuacha kazi, akamaliza muda wake wodini, akakabidhi funguo za stoo ya dawa, ndipo akachukua kadi. Alikuwa mtu wa kufuata utaratibu hata alipokuwa anakwenda kuupinga.

Kilichomwingiza katika siasa ni migongo ya wanawake. Miaka ile serikali ilikuwa imeamuru kila shamba la mlimani lilimwe kwa matuta, ili udongo usichukuliwe na mvua. Aliyekaidi alipelekwa barazani na kutozwa faini. Jembe la kazi hiyo lilikuwa mikononi mwa wanawake, kwa maana kwetu shamba la chakula ni la mama. Walikuja hospitali wameinama, wameshika viuno, wengine wamejikata miguu kwa kulima mahali ambapo hata mbuzi husimama kwa hadhari. Mume wangu aliwapa dawa ya kuchua. Wiki ya pili walirudi walewale. Jioni moja alivua koti lake jeupe, akaniambia, "Mama, ninachua migongo isiyo na ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye sheria." Nilikuwa na watoto watatu na nyumba ya serikali yenye maji ya bomba, na niliona mbele yangu vyote viwili, bomba na nyumba, vinakwenda.

Tulihamia vyumba vya nyuma ya duka la nguo la Mhindi mmoja, chini ya barabara ya boma. Chumba cha mbele kilikuwa zahanati ya mume wangu, cha katikati chetu, na cha nyuma jiko. Mimi ndiye niliyechemsha sindano. Niliifanya kazi hiyo vizuri, na ninaweza kusema hivyo bila kujisifu, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kusoma mwaka 1952, nikiwa mke wa mtu tayari. Nilizaliwa Mtae, na baba yangu aliamini kwamba msichana aliyesoma hatakubali kuteremka bondeni kuchota maji. Mtu aliyechelewa kujua kusoma hasomi ovyo. Nilisoma kila kibandiko cha kila chupa mpaka mwisho, na sikuwahi kumpa mume wangu chupa isiyo yake.

Nieleze sasa tabia yake moja, kwa kuwa mambo yote yalitoka hapo. Watu wa milimani hatusalimiani kwa haraka. Ukikutana na mtu njiani utamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, za mbuzi, na yeye atakuuliza vilevile, na hakuna atakayepita kabla ya hayo kwisha. Mume wangu, baada ya mbuzi, aliongeza swali la ugonjwa. "Kidonda kimekauka?" "Mtoto ameacha kuhara?" "Yale macho je?" Aliuliza barabarani, dukani, mlangoni mwa msikiti, kwa sauti ileile aliyoulizia mahindi. Watu walipenda. Walisema, daktari huyu hasahau. Daktari wa Kizungu, walisema, hukukumbuka ukiwa umelala mbele yake tu. Hakuna aliyechukia, kwa sababu vidonda na macho ni magonjwa ambayo mtu anaweza kuulizwa mbele ya watu.

Katika wagonjwa waliotufuata kutoka hospitali kuja nyuma ya duka alikuwapo jumbe mmoja. Kijiji chake kiko upande wa Mlola, na sitakitaja, maana wajukuu zake wapo na ni watu wazuri. Jumbe huyu ndiye aliyekuwa akiwapeleka wanawake barazani kwa ajili ya matuta. Alikuwa mrefu, mwenye kofia nyeupe ya kufuma isiyokuwa na doa hata wakati wa matope, na aliongea kidogo. Alikuwa na kifua kikuu.

Mume wangu alitaka kumpeleka hospitali kubwa alazwe. Jumbe alikataa. Alikuwa na binti aliyekwisha kuposwa na nyumba moja yenye heshima, na siku zile nyumba iliyojulikana kuwa na kifua haikuolewa wala haikuoa. Watu waliamini kuwa ugonjwa umo katika damu ya ukoo. Wakapatana hivi: jumbe atakuja kudungwa sindano kila Jumatatu na Alhamisi, siku ambazo alikuwa na sababu ya kuja boma, na usiku atalala peke yake. Nyumbani kwake alisema amehamia kibanda cha mbuzi kwa sababu ya chui. Mkewe aliamini, au alijifanya ameamini. Kukohoa hakukumfichua, kwani mwezi wa Juni na Julai ukungu ukishuka, Usambara yote hukohoa.

Kwa hiyo wanawake waliotozwa faini na jumbe walikaa kwenye benchi letu asubuhi wakingoja dawa ya mgongo, na jumbe mwenyewe aliingia adhuhuri benchi likiwa tupu. Siku moja nilimuuliza mume wangu kama haoni jambo hili kuwa la ajabu. Alisema, "La ajabu ni lipi? Wote wanaumwa."

Chama kilikua. Mume wangu akawa msemaji wake mkubwa wilayani, na ilipojulikana kwamba kutakuwa na kura, na kwamba wilaya yetu itapeleka mtu wake kwenye Baraza la Kutunga Sheria kukaa na Wazungu na Wahindi, hapakuwa na jina lingine lililotajwa ila lake. Nilipenda jambo hilo kuliko nilivyokubali kuonyesha. Nilimshonea koti la kijivu. Niliwaza nyumba yenye bomba.

Jumamosi, tarehe 15 Juni 1957, palikuwa na mkutano kwenye kijiji cha jumbe, pembeni ya gulio. Nilikwenda na wanawake wengine, tukakaa upande wetu, tumejifunika kwa sababu ya baridi. Mume wangu alisimama juu ya kreti la kabichi. Alizungumza vizuri sana juu ya matuta. Hakupiga kelele, alieleza kama anavyomweleza mgonjwa namna ya kunywa vidonge, na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa.

Ndipo jumbe akaja. Alikuwa na tarishi wake nyuma, na umati ukampisha bila kupenda. Alisimama mbele ya kreti, akauliza kwa heshima kama kibali cha mkutano kipo. Lilikuwa swali halali na kibali kilikuwa mfukoni. Lakini jumbe alikuwa mkubwa kwa umri, na mtu hamjibu mkubwa wake kabla ya kumwamkia. Mume wangu akateremka kutoka kwenye kreti, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Watoto hawajambo? Mbuzi je?"

"Wazima."

"Na mbona Alhamisi hukuja sindano?"

Nilikuwa namtazama usoni, na ninajua kwamba hakukusudia. Ulimi ulikwenda ulikozoea kwenda. Kijana mmoja wa sokoni akauliza kwa sauti ya kuvuta, "Jumbe anadungwa?" Mwingine akajibu, "Anadungwa wapi, mghosi? Tuonyeshe, mzee wetu!" Umati mzima ukapasuka kicheko. Wanawake waliokuwa karibu yangu walipiga vigelegele. Mmoja wao, ambaye alikuwa ametozwa faini mara mbili, alisema, "Mungu si kiziwi. Hata yeye ana mgongo!" Mwenzake akamsahihisha, "Huo si mgongo, dada. Mgongo haudungwi. Huo ni wa chini zaidi."

Jumbe alirekebisha kofia yake ingawa ilikuwa imekaa sawa, akageuka, akaondoka na tarishi wake. Hakuuliza tena habari ya kibali.

Njiani tukirudi, wanachama walimpongeza mume wangu. Walidhani ni mbinu. "Umempiga bila fimbo, Daktari," walimwambia. Yeye alitembea mbele, hakugeuka. Alipofika nyumbani alikaa kwenye benchi la wagonjwa, si kwenye kiti chake, na hakula.

Jumatatu jumbe hakuja. Alhamisi hakuja. Wiki iliyofuata hakuja pia. Habari zilizokuja badala yake zilikuwa za kila namna: kwamba jumbe ana kisonono, kwamba jumbe ana ukoma, kwamba alipata ugonjwa wake Tanga kwa mwanamke. Kisha tukasikia kwamba wazee wa upande wa mchumba wa binti yake wametuma mtu kuuliza, kwa adabu, kama harusi haiwezi kungoja kidogo. Kila mtu milimani anajua kungoja kidogo maana yake nini.

Mume wangu alinieleza shida yenyewe, kwa kuwa mimi nilikuwa sijaielewa yote. Dawa ile, alisema, ikikatizwa katikati, ugonjwa hurudi ukiwa umeijua, na safari ya pili dawa haiuwezi. Jumbe alikuwa amefika katikati. Asiporudi, atakufa, na kabla ya kufa atawaambukiza walio nyumbani mwake.

"Basi mwendee," nilimwambia.

"Nimetuma mtu mara mbili. Amesema hanijui."

"Mwendee mwenyewe."

Alikwenda kwa miguu, siku ya Ijumaa baada ya sala. Jumbe hakumfungulia mlango, lakini kwa kuwa hakuna mtu kwetu anayemfukuza mgeni bila kumsalimu, walisalimiana mlango ukiwa katikati yao, salamu zote, mpaka mahindi, mpaka mbuzi. Zilipoishia hapo, mume wangu hakuongeza swali. Alisema, "Baba, nimekuja kuomba radhi."

Jumbe akajibu kutoka ndani, "Ulinivua nguo sokoni, Daktari. Nguo niliyovuliwa sokoni huwezi kunivisha hapa uani. Nivishe sokoni."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Desturi ilikuwa upande wa jumbe. Aliyemvunjia mtu heshima mbele za watu humwomba radhi mbele za watu walewale, mahali palepale. Radhi ya faraghani ni sawa na kumdhihaki mara ya pili. Lakini mume wangu angesimamaje sokoni kusema, "Nisameheni kwa kutaja ugonjwa wa jumbe"? Radhi yenyewe ingekuwa ushahidi. Angemvisha kwa mkono mmoja na kumvua kwa mwingine. Kwa muda wa juma moja na nusu alizunguka nalo jambo hilo chumbani.

Jumamosi, tarehe 13 Julai, alirudi kwenye gulio lile. Hakuvaa koti la kijivu. Alipanda juu ya kreti, akasema kwamba leo hatazungumza habari za matuta, ana neno lake mwenyewe. Watu wakasogea. Akasema:

"Mwezi uliopita nilimuuliza jumbe wenu kuhusu sindano, nanyi mkacheka. Mlikuwa na haki ya kucheka, ila mlimcheka asiyestahili. Sindano zile si zake. Ni za mbuzi wake."

Mtu mmoja akasema, "Mbuzi?"

"Mbuzi. Mimi natibu mbuzi. Natibu kwa siri, kwa sababu sina ruhusa ya serikali ya kutibu mnyama, na bwana mifugo akijua atanishtaki. Jumbe aliniletea mbuzi wake mgonjwa, akaniahidi kutonitaja kwa mtu. Ahadi yake aliitunza. Aliyeropoka ni mimi. Namwomba radhi mbele yenu."

Nilijua kila neno lilikuwa uongo. Nilikuwa nimeolewa naye tangu mwaka 1946 na sikuwahi kumsikia akisema uongo, hata kwa watoto, hata kwa mgonjwa anayekufa. Alisema uongo huu kwa utulivu uleule aliotumia kueleza vidonge, na watu wakaamini. Kwa nini wasiamini? Jumbe alikuwa analala na mbuzi. Kijiji kizima kilijua.

Kicheko cha safari hii kilikuwa kirefu zaidi, na kilikuwa chake yeye. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia la viazi alifuta machozi, akasema, "Kumbe kasoma mpaka Uganda kuja kudunga mbuzi!" Kijana yule wa sokoni akalia, "Mee!" Wenzake wakaitikia, "Mee!" Jumbe alikuwa amesimama mbali, mlangoni mwa duka la chumvi. Aliinua mkono wake mara moja, hivi, kama mtu anayepokea salamu, akaenda zake.

Jumatatu adhuhuri alifika zahanati akimvuta mbuzi kwa kamba. Alimfunga nje, kwenye mguu wa benchi. Mume wangu alimdunga jumbe sindano yake ndani, kisha akatoka akampapasa mbuzi tumbo, mbele ya wapita njia, akatikisa kichwa kwa uzito.

"Anaendeleaje?" akauliza mke wa Mhindi kutoka dirishani.

"Atapona," mume wangu akasema, "lakini itachukua muda."

Harusi ya binti wa jumbe haikungoja. Ilifungwa mwezi wa Agosti.

Uongo una gharama zake, na wa kwanza kuzilipa nilikuwa mimi, kwa sababu mbuzi walianza kuja. Nasema kweli tupu. Mtu akimwona daktari anatibu mbuzi wa jumbe, atamleta wa kwake. Waliletwa mbuzi wenye kuhara, wenye upele, mbuzi jike aliyeshindwa kuzaa, na kondoo mmoja kipofu. Mume wangu hakuweza kuwakataa bila kuuvunja uongo wake. Alimwendea bwana mifugo mwenyewe, mtu wa Bonde, akamwomba amfundishe. Bwana mifugo alicheka, hakumshtaki, akamfundisha. Benchi letu likawa na harufu ambayo sabuni ya magadi haikuiweza. Wanawake wenye migongo walikaa upande mmoja, mbuzi upande wa pili, na mimi niliyekuwa nawaza kuwa mke wa mheshimiwa nilifagia vinyesi kila asubuhi.

Jina likamshika: Bwana Mbuzi. Mwanzoni liliitwa kwa mapenzi. Lakini waliokuwa upande wa serikali waliliokota mara moja, na ikawa kila aliposimama kuhutubia, iwe Soni au Mombo, palikuwa na mtu wa kulia "Mee!" nyuma ya umati. Matuta yakawa hayasikiki.

Jumapili, tarehe 22 Septemba, kamati ya chama ilikutana nyumbani kwetu kuchagua mgombea. Walikuwa watu saba, nami niliwapikia chai. Chumba cha katikati na cha mbele vilitenganishwa na pazia, kwa hiyo nilisikia vyote. Mwenyekiti alikuwa mzee mfupi, mwalimu wa Kurani, aliyempenda mume wangu kama mwanawe.

"Mwanangu," alianza, "hapa hakuna anayekushinda kwa elimu wala kwa moyo. Lakini mtu hawezi kwenda barazani, mbele ya gavana, nyuma yake watu wanalia kama zizi."

"Watachoka kulia," mume wangu akasema.

"Hawatachoka. Wewe unawalisha. Jana nimekuta kondoo hapo mlangoni."

"Yule ni kipofu, mzee."

Wengine walicheka, mwenyekiti hakucheka. Ndipo mwanakamati mwingine, mfanyabiashara wa mboga aliyekuwa na lori la kushusha kabichi Mombo, akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa maneno.

"Daktari, tuseme ukweli. Mimi nimefuga mbuzi tangu utoto wangu. Mbuzi gani anadungwa sindano miezi yote hiyo asipone wala asife? Ningekuwa mimi ningekwisha kumla."

Nilisikia mume wangu akikoroga chai yake.

"Mbuzi yule haumwi," mfanyabiashara akaendelea. "Anayeumwa ni jumbe. Wewe unamficha. Sasa sikiliza. Sema tu hapa, kwetu sisi, jumbe ana nini. Likishatoka, mambo mawili yanafanyika kwa siku moja: jumbe anaanguka, na wewe unasafishwa. Watu watasema, kumbe daktari wetu ni daktari wa watu, alikuwa anasitiri. Hata jina la mbuzi litageuka sifa."

"Na matuta ya kijiji kile yatakwisha," mwingine akaongeza.

"Huyu mtu amemtoza faini mama mkwe wako!" akasema wa tatu. Hilo lilikuwa kweli. Mama yangu alikuwa amehamia kwa ndugu zake upande ule, na jumbe alimtoza faini mwezi wa Agosti, wiki moja baada ya harusi, bila kuona haya.

"Nimesikia," mume wangu akasema. "Faini nimeilipa."

"Basi unamlinda kwa nini? Ni adui yetu!"

"Jumbe ni adui wa chama. Chama hakina kifua wala tumbo. Mtu anayekuja kwangu kila Jumatatu na Alhamisi amekuja kutibiwa mbuzi wake, na mbuzi wake bado hajapona. Sina jingine."

Nikasikia mwenyekiti akivuta pumzi. "Neno moja tu, mwanangu. Tunakuomba."

"Mzee, naomba msinilazimishe kukukatalia wewe."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na birika mkononi. Neno lile nililijua. Nilichemsha sindano zile mimi mwenyewe. Nilijua dawa, nilijua ugonjwa, na nilikuwa na mama aliyetozwa faini. Ningeweza kulisema wakati ninamimina chai. Niliingia, nikamimina, nikatoka. Sitaki nieleweke vibaya: sikulitunza neno lile kwa ajili ya jumbe. Nilimtunzia mume wangu, ambaye alikuwa hajanitazama usoni nilipokuwa namimina, kwa sababu hakuona haja ya kunichunga.

Walimchagua mfanyabiashara wa mboga. Walipoondoka mume wangu alitoa viti nje ili chumba kipate hewa.

"Mwenye lori," nilimwambia. "Asiyejua hata kuandika barua."

"Ni msemaji mzuri."

"Wewe je?"

"Mimi nitamwandikia barua."

"Ungesema neno moja, Daktari." Nilimwita Daktari hata tulipokuwa wawili. Ndivyo nilivyomzoea.

Akafikiri, kama alivyofikiri kila alipoulizwa. Kisha akasema, "Ningelisema, kesho asubuhi benchi lingekuwa na nani?"

Sikuwa na furaha na jibu lile, na sikujifanya kuwa nayo. Niliosha vikombe. Koti la kijivu nililikunja, nikaliweka sandukuni na majani ya kuzuia nondo.

Jumbe alimaliza sindano zake mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuugua kifua tena. Hakuacha kuwapeleka wanawake barazani mpaka sheria yenyewe ilipokufa, na mume wangu hakuacha kuipinga kwenye kila mkutano, jumbe akiwapo au asipokuwapo, huku wale wa nyuma wakilia sauti yao ya mbuzi. Walipokutana waliamkiana kwa ukamilifu. Sikuwahi kusikia mmoja akimshukuru mwenzake.

Muda mfupi kabla ya kura, mchana wa kawaida, mfanyabiashara wa mboga alikuja. Aliacha lori lake mbali, karibu na kisima, akaja kwa miguu. Sikumtegemea, kwa maana tangu siku ya kamati tulikuwa tunasalimiana bila kuzidisha. Benchi lilikuwa tupu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na wepesi wa maneno ulikuwa umemwisha.

"Hodi, mama. Daktari yupo?"

"Karibu. Yupo."

Mume wangu akatoka, wakasalimiana. Za nyumbani, za watoto, za lori. Nilingoja nisikie kama ataongeza swali lake la zamani. Hakuongeza, alikuwa ameliacha tangu siku ile ya gulio. Alimtazama tu mgeni wake, akamngoja.

"Daktari," mfanyabiashara akasema, na hakumtazama, "nimewauliza wengi daktari wa kwenda kwake. Nimerudi hapa."

"Karibu ndani."

Kwa miaka yote niliyochemsha sindano nilikuwa nikikaa chumbani humo wakati wa matibabu. Nilisimama nichukue sufuria, kama kawaida. Mume wangu akanigeukia, akasema kwa upole, "Mama, leo tuachie."

Nikatoka, nikashusha pazia, nikafunga na mlango wa jiko. Nilikaa jikoni mpaka waliposimama. Mfanyabiashara alirudi mara nyingi baada ya hapo, alishinda kura, akaenda barazani, akafanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotabiri. Nimekuwa mjane tangu tarehe 9 Februari 1971. Alikuwa anaumwa nini mfanyabiashara yule, sijui.